Bweni, Ng'ambo ya Pangani

Ukifika Pangani ukasema umekuja kutafuta historia, utapelekwa Boma. Ukitoka Boma utaonyeshwa jengo la zamani la forodha kando ya maji, utahadithiwa Abushiri, na kabla ya alasiri ziara yako imekwisha, umekaa gatini unasubiri samaki akauke kwenye mafuta. Hakuna atakayekwambia uvuke. Ng'ambo unaona minazi, kilima chenye kichaka kizito na mapaa machache ya bati. Huko ndiko Bweni. Upande wa mama yangu unatoka huko, nami nimechoka na historia ya Pangani inayokoma kwenye ukingo wa kaskazini kana kwamba mto ule una ukingo mmoja tu.

Mahali penyewe pako hivi. Mto Pangani huanza na maji ya Kilimanjaro na Meru, hukusanyika Nyumba ya Mungu, hushuka nyika yote ile ya Upare hadi Korogwe, huporomoka kwenye maanguko ya Hale, kisha hutulia na kujipinda katikati ya mikoko mpaka baharini. Ni safari inayokaribia kilomita 500. Mwisho wake uko hapa: mji tambarare kaskazini, Bweni kusini, nusu ya nyumba chini ya kilima na nusu juu yake. Kati yao maji si mapana. Adhana ya mjini huvuka bila nauli. Lakini mlangoni kuna fungu la mchanga, na ndiyo sababu meli kubwa hazikuwahi kuingia. Zilitia nanga nje, na mizigo ikafuatwa kwa mashua. Jambo hilo dogo la mchanga lilikuja kuamua mengi, nitalirudia.

Waingereza wawili, Burton na Speke, walipopita hapa mwanzoni mwa 1857 wakielekea Fuga kwa Kimweri, mtawala wa Usambara, Bweni ilikuwapo na jina lake ni hilihili. Burton aliitaja pamoja na vijiji vingine vilivyouzunguka mji. Hakuvutiwa nayo sana, lakini yeye hakuvutiwa na mengi. Pangani ya wakati huo ilikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, iliyokwenda mpaka Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Wenye fedha waliishi mjini. Upande wetu walikaa wavuvi, wakulima wa Kizigua, na watu waliokuwa na sababu zao za kutotaka kukaa karibu na wenye fedha.

Hao wa mwisho ndio ninaotaka kuwazungumzia kwanza. Bonde la Pangani lilikuwa bonde la miwa. Ukienda juu ya mto kidogo tu, kingo zote mbili zilikuwa na mashamba ya Waarabu, na kwenye mashamba hayo vinu vya kukamulia, na kwenye vinu watumwa. Sukari yake ilipelekwa Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Watu husoma habari hiyo kama ndio mwisho wa mateso. Kwa bonde letu mambo yalizidi kuwa mabaya, kwa sababu watumwa waliokwama pwani walishuka bei, na mashamba ya miwa yakapata mikono mingi kuliko mwanzo. Kazi ya miwa haina huruma. Ikiiva lazima ikatwe, ikikatwa lazima ikamuliwe siku ileile, na kinu hakingoji mtu alale.

Wengine walikataa. Katika miaka hiyohiyo ya 1870 watumwa wa mashamba ya bondeni waliasi, na watoro wakajijengea makao yao kusini mwa mto, pale Kikogwe. Kikogwe na Bweni ni majirani; leo watu wa hapa hutamka Kikokwe, na mtu huenda kwa miguu bila kuhema. Sijawahi kuona kibao chochote kinachotaja watoro hao. Vitabu vya shule vinawakumbuka wenye mashamba na Wajerumani waliogombana nao. Waliowakimbia wenye mashamba kabla ya Mjerumani kufika hawakupata hata mstari. Kwangu mimi, hao ndio mwanzo wa historia ya ng'ambo.

Vita vya 1888 nitavipitia kwa haraka maana vimeandikwa sana. Sultani aliikodishia kampuni ya Kijerumani pwani na ushuru wake, mwezi wa Agosti Emil von Zelewski akaja Pangani kupandisha bendera kwa ubabe, watu wakakataa. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa kwenye mto huohuo, akawa kiongozi. Kusini kulikuwa na Bwana Heri wa Saadani, na kwa nchi kavu njia ya kwenda kwake ilianzia upande wetu. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliuteka mji mwaka 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Watu wa mji wanamtukuza, na wana haki. Ila mtu akinisimulia kwamba Abushiri alipigania uhuru wa wote, huwa nauliza: na wale wa kinuni kwake? Kwa kawaida mazungumzo huhamia kwenye samaki.

Miaka minne baadaye ndipo likatokea jambo lililobadilisha nchi nzima, na lilitokea upande wetu. Mtaalamu wa kilimo wa kampuni ileile, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe mwaka 1893. Kutoka miche hiyo 62 yakatoka mashamba yote unayoyaona ukipita Muheza, Korogwe, Ngomeni na kwingineko mpaka Morogoro. Mahali ambapo watoro walikimbilia ili wasifanye kazi ya shamba la mtu, ndipo lilipoanzia zao lililotaka mikono kuliko zao lolote lililowahi kuja Tanganyika. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijapata namna ya kulilainisha.

Mkonge ni mmea wa subira. Hukati jani mpaka miaka miwili au mitatu ipite. Baada ya hapo unakata, unakata, mpaka siku mkonge wenyewe unapoamua kufa: unatoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, mlingoti unazaa miche midogo kwa mamia, kisha mama yake anakauka amesimama. Nyumba nyingi za Bweni zimejengwa kwa boriti na fito, lakini ukiangalia vizuri kwenye mabanda na nyua utaona milingoti ya mkonge. Haina uzito, na mchwa huila haraka, lakini haikuuzwa. Iliokotwa.

Babu yangu mzaa mama alikuja kukata mkonge. Alitoka Songea, Mngoni, akaletwa pamoja na wenzake ndani ya lori kwa mkataba wa chombo cha kuajiri wafanyakazi wa mkonge, SILABU, kilichoundwa na wenye mashamba mwaka 1944. Kila mtu alipewa namba, na watu wa pwani wakawaita manamba. Mashamba ya Mwera na Sakura, kusini mwa Bweni, yalijaa manamba: Wangoni, Wamakonde, Wanyamwezi, Waha, Warundi. Mzee hakupenda kusimulia safari ya lori. Alipenda kusimulia kazi, na alisimulia kwa vidole.

Unaamka gizani. Unakata jani kwa jani, unaondoa mwiba wa ncha, unafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, unayabeba begani mpaka kwenye reli ya toroli. Anayehesabu ni mnyapara, na mnyapara akiamua fungu ni dogo, ni dogo. Toroli zinapeleka korona, yaani mashine inayosaga majani na kuacha nyuzi, nayo hunguruma ukaisikia ukiwa mbali sana. Nyuzi zinaanikwa kwenye waya, zinapigwa brashi, zinafungwa robota. Maji ya mkonge yanawasha ngozi. Bibi alikuwa akisema kwamba alimjua mumewe kwa harufu kabla hajamjua kwa sura, na kwamba hata siku ya Idi, ameoga, kavaa kanzu, harufu ya korona ilikuwa imetangulia mlangoni.

Kipande nakumbuka kukiona mwenyewe. Ni kadi yenye vyumba thelathini. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa, chumba kimoja kinatiwa alama. Siku usiyomaliza, huna siku. Mshahara hulipwi mpaka vyumba vyote thelathini vijae, hata ikikuchukua mwezi na nusu. Bibi alikitunza kipande cha babu ndani ya kopo la biskuti pamoja na hati ya ndoa na risiti ya baiskeli. Nilikuwa mtoto nikadhani ni kadi ya mchezo wa bahati nasibu.

"Ni ya babu yako hiyo, irudishe," akanambia.

"Alishinda nini, bibi?"

"Alishinda njaa. Irudishe koponi."

Jumapili mashamba yalilala. Wangoni walicheza mganda na lizombe, Wamakonde wakacheza zao, na vijana wa Bweni walikwenda kutazama kwa kisingizio cha kuuza madafu. Ndivyo ndoa zilivyoanza. Wazee wa Kizigua walinung'unika kuhusu "watu wa kambini", kisha wakawaozesha, kisha wakawazika kwenye makaburi yaleyale. Ukiniuliza Bweni ni ya kabila gani nitakujibu nenda msibani ukasikilize watu wanavyolia. Utahesabu Kizigua, Kibondei, Kimakonde, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Huwa nasikia Pangani ikisifiwa kwa Uarabu wake, milango ya kuchonga na baraza. Bweni haina milango ya kuchonga. Ina majina ya ukoo ya Songea na Newala kwenye orodha ya wanachama wa chama cha wavuvi.

Mkonge ulipanda bei wakati wa vita vya Korea, na nchi ilipopata uhuru ndio uliokuwa ukiongoza kwa fedha za kigeni. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000, hakuna nchi iliyotushinda duniani. Kisha kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na yaliyofuata kila mtu wa Tanga anayajua: korona zikanyamaza moja moja, reli za toroli zikang'olewa zikauzwa vyuma chakavu, watu wa kambini wakabaki kambini bila kambi. Babu hakurudi Songea. Alinunua wavu.

Na mji nao ulikuwa umeshapigwa kabla. Hapa ndipo lile fungu la mchanga linaporudi. Wajerumani walipotaka bandari ya reli, hawakuchagua mto ambao meli haiwezi kuingia. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka uleule wa miche ya Kikogwe, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Biashara iliyokuwa ikishuka na misafara mpaka Pangani ikapanda garimoshi kwenda Tanga. Mji ukabaki na majumba yake. Bweni haikuona tofauti kubwa, kwa sababu haikuwahi kuwa na misafara. Ilikuwa na mto, na mto ulibaki.

Sasa nizungumzie kuvuka, maana mtu asiyejua kuvuka hajui Bweni. Hospitali ya wilaya iko ng'ambo, yaani ng'ambo ya kwetu. Mahakama iko ng'ambo. Benki, soko kubwa, ofisi ya mkuu wa wilaya, fundi mzuri wa cherehani, vyote viko ng'ambo. Zamani ilikuwa mitumbwi. Sasa kuna pantoni, na mashua za injini kwa wenye haraka. Pantoni hubeba magari, pikipiki, mbuzi, magunia ya mkaa, walimu wenye madaftari ya kusahihisha, na wale mabwana wa hoteli za Ushongo wanaokaa ndani ya gari kioo kikiwa juu. Ukiikosa pantoni ya mwisho, unatafuta jamaa wa kulala kwake. Kila familia ya Bweni ina jamaa wa kulala kwake mjini, na uhusiano huo hutunzwa kwa nazi.

Wenye mitumbwi walikuwa na elimu yao ambayo haikuandikwa popote. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni bamvua, yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, ambapo hata mtoto anaweza kupiga kafi. Hatari ni bamvua linapokupwa na huko juu mvua za masika zimenyesha: bahari inavuta, mto unasukuma, na mtumbwi unaondoka kuelekea mlangoni kama ng'ombe aliyeona zizi. Mvukishaji mzuri haelekezi chombo mahali anakokwenda. Anakielekeza juu kabisa, karibu na mikoko, akiacha maji yamlete chini mpaka gatini. Mjomba wangu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote alikuwa akiwacheka vijana waliolenga gati moja kwa moja. "Unalenga gati? Utaliona Unguja."

Kulikuwa na adabu pia. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu havushwi kwa kulipa, na hasubirishwi hata kama ni usiku wa manane. Maiti havushwi pamoja na mzigo wa biashara. Mtu aliyegombana na mvukishaji huvushwa lakini hasemeshwi, na mto wote ule kimya kinatosha kuwa adhabu. Pantoni haina adabu hizi. Ina tiketi. Sisemi ni mbaya. Mama waliojifungulia ndani ya mtumbwi hawana hamu na mila yangu.

Mto wenyewe umebadilika. Huko juu umefungwa: bwawa la Nyumba ya Mungu tangu miaka ya sitini, mitambo ya Hale mwaka 1964 yenye megawati 21, na ya Pangani Falls iliyojengwa upya na kumalizika 1995 yenye megawati 68. Kabla hujafika kwenye mitambo kuna mifereji ya umwagiliaji ya Arusha na Kilimanjaro, na kila mtu anachota haki yake. Kinachotufikia sisi wa mwisho ni mabaki. Maji matamu yakipungua, bahari haingoji mwaliko; hupanda. Wakulima wa kandokando ya mto huonja maji kabla ya kumwagilia, na chumvi sasa huonjwa mahali ambapo wazazi wao walilima mpunga. Minazi nayo ina ugonjwa wake wa kunyong'onyea, lakini mwenye minazi hapendi kusikia habari za vimelea. Kwake yeye kila kitu ni chumvi, na mara nyingi hakosei.

Nje ya mlango kuna Maziwe. Wazee wanaikumbuka ikiwa kisiwa hasa, chenye mivinje na kivuli, ambapo kasa walipanda kutaga. Mwishoni mwa miaka ya sabini mawimbi yalikuwa yakiila, na mwanzoni mwa themanini miti ikawa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakikupwa na kuzama yakijaa. Watalii hupelekwa kuogelea kwenye matumbawe yake, nao hufurahi. Nimewahi kumsikiliza mvuvi mzee akimweleza mgeni pale ulipokuwa mti aliofungia chombo chake. Mgeni alitazama maji, akaitikia kwa heshima, akavaa miwani yake ya kuzamia.

Na sasa daraja. Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo, kilomita 256, ndiyo iliyolileta, na daraja lake la kuvuka mto ni la mita 525. Kwa mara ya kwanza tangu Burton apite, Bweni haitakuwa ng'ambo, itakuwa njiani. Siungi mkono wanaolia kwamba uzuri utapotea. Wengi wao hawajawahi kumsubirisha mgonjwa gatini. Lakini naona kinachokuja kabla ya magari: watu wenye viatu safi wanaouliza shamba hili la nani, lina hati, babu yenu alilipata vipi. Hapo ndipo pagumu. Babu yetu alilipata kwa kuozeshwa. Mwingine alilipata kwa kufyeka pori lililoachwa na kampuni ya mkonge. Mwingine, nakisia, babu wa babu yake alikuwa mtoro aliyelala hapo usiku mmoja akaona ni pazuri. Hakuna kati yao aliyepewa karatasi.

Shangazi yangu anauza chai na mihogo karibu na pantoni. Nilidhani daraja linamtia hofu. Nilipomuuliza akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, mimi nishaongea na mwenyekiti wa kitongoji. Nataka pale lori linapopumzika baada ya kupanda kilima. Dereva wa Bagamoyo atakuwa amechoka, atataka chai ya tangawizi na pa kujinyoosha. Wewe na kitabu chako mnaandika habari za pantoni. Mimi pantoni nishaiaga."

"Na kiwanja una karatasi, shangazi?"

"Ndiyo nakungoja wewe uliyesoma uniandikie."

Kwa hiyo nimeanza kuandika. Nimepanga kiwanja kwa kiwanja nani alikaa, alitoka wapi, alioa kwa nani, amezikwa wapi, na nani yu hai anayeweza kusema "ndiyo, nilikuwepo". Halmashauri ya kijiji imekubali orodha isomwe kwenye mkutano ili wanaopinga wapinge mbele ya watu. Sehemu ya Mwera inanipa shida kwa sababu watu wa kambini walitawanyika, wengine Tanga, wengine Dar es Salaam, wengine walirudi Songea na Mtwara. Kama kwenu kuna kopo la biskuti lenye kipande cha mkonge cha Mwera, Sakura au Kikogwe, piga picha pande zote mbili, hata kama vyumba havikujaa, uniletee. Namba iliyoandikwa juu ndiyo ninayoitafuta, na jina la mnyapara kama linasomeka.